Ndala alivaa kweli, ila mamdogo anataka niishie hapo

Mama mshauri, shikamoo.

Nafanya kazi kwenye mgahawa mmoja hapa Mwanza, upande wa ziwani, jina lake niache. Mwenye mgahawa ni mama yangu mdogo. Mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tano, yeye ndiye aliyekuja kunichukua Sengerema. Akanisomesha hadi kidato cha nne, akanifundisha kupika, na nilipoolewa alisimama yeye. Hata kiwanja tunachojenga Buswelu, nusu ya pesa alitukopesha na hajawahi kutudai. Nakueleza haya mapema ujue kwamba simsemi mtu baki.

Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa jiko. Jikoni tuko saba, ukiacha wahudumu. Tunauza supu asubuhi, mchana na jioni ni sato wa kukaanga, sangara wa mchuzi, ugali na wali. Ijumaa na Jumamosi usiku watu wanajaa mpaka wengine wanakalia kreti za soda.

Mwishoni mwa mwaka jana mamdogo alikarabati. Akang'oa ile sakafu ya saruji ya zamani, akaweka marumaru nyeupe zinazong'aa mpaka jikoni, maana kaunta iko wazi na wateja wanaona ndani. Palipendeza kwa kweli. Lakini tangu hapo kile kipande cha kati ya karai la samaki na sinki la vyombo kimekuwa balaa. Mafuta yanaruka, barafu ya samaki inayeyuka, magamba yanadondoka, na kitundu cha kutolea maji kiko upande wa pili kabisa, maji hayafiki mpaka uyasukume. Tulijaribu kutandika maboksi. Yakilowa yanateleza yenyewe. Januari dada mmoja mhudumu alianguka hapo na trei, akateguka kifundo cha mguu, akakaa nyumbani wiki mbili bila kulipwa. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuokolewa na meza.

Mwezi uliopita, Ijumaa usiku, mvua inanyesha, akaanguka kijana wetu anayeosha vyombo. Ana miaka 19, na kazini nilimpeleka mimi, mama yake ni jirani yangu huku Mabatini. Aliambiwa aisogeze sufuria ya supu itoke njiani. Alipofika palepale miguu ikatangulia mbele. Niliona kwa macho yangu: ndala moja iliruka ikaingia chini ya friji, yeye akaangukia mkono. Umevunjika karibu na kiganja, na supu ikammwagikia paja. Watu wakakimbilia dawa ya meno, wakampaka. Hospitali wamemfunga hogo.

Mamdogo alilipa hospitali siku ileile, akampa mama yake kijana shilingi 150,000, akasema akipona arudi kazini. Kijana hana mkataba, analipwa posho ya siku, kwa hiyo sasa hivi haingizi kitu. Mama yake hajalalamika, anasema ajali haina kinga. Ila kaka yake aliyeko Dar ameanza kupiga simu, anataja OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, anataja fidia. Hapo ndipo mamdogo alipobadilika. Ameniita, anataka niandike maelezo kama msimamizi wa yule kijana: kwamba alikuwa amevaa ndala na alishakatazwa, na kwamba alikuwa anakimbia-kimbia. Niweke sahihi, aitie kwenye faili.

Ugumu wake, mama, ni kwamba si uongo. Ndala alivaa. Karatasi ya kukataza ndala ipo ukutani na niliibandika mimi. Haraka pia alikuwa nayo. Lakini mabuti yapo jozi mbili, watu saba, na usiku ule yalikuwa miguuni mwa wengine. Na Ijumaa jikoni kwetu asiye na haraka hamalizi wiki.

Mume wangu anasema niandike tu, yote ni kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wenzangu jikoni nikiingia mazungumzo yanakatika. Mama yake kijana bado ananisalimia asubuhi vilevile kama zamani, na hilo ndilo linaloniumiza. Mamdogo yuko mbioni kufungua mgahawa wa pili. Anasema kesi ikija sasa itammaliza na sisi wote tutakuwa nje. Karatasi anaitaka kabla ya mwezi kuisha.

Niandike? Nikatae? Niende OSHA mwenyewe? Au niache kazi niwaachie mambo yao?

Msimamizi wa jiko, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa kijana, na pole kwako uliyebaki katikati, huku mama aliyekulea, huku jirani anayekusalimia.

Umeniuliza maswali manne, lakini nikisoma barua yako naona kinachokukaba ni kimoja. Umeletewa maneno ya kweli uyatie sahihi, na mkono hautaki. Mumeo anashangaa kwa nini hautaki, na wewe mwenyewe unajishangaa. Hebu fanya jaribio dogo bila kumwambia mtu. Chukua hayo maelezo anayoyataka mamdogo, uongeze mstari mmoja: "Mabuti yaliyopo ni jozi mbili kwa watu saba." Halafu jiulize, karatasi hiyo bado angeitaka? Kama jibu ni hapana, basi umeshajua kwamba shida haiko kwenye yaliyoandikwa. Na kuna jambo lingine ambalo sidhani mumeo amelipima. Karatasi inayosema kijana alikatazwa ndala na bado akazivaa, ikifika kwa mtu mwingine, swali la kwanza atakalouliza ni nani alikuwa msimamizi zamu ile. Jina litakuwa hapo chini, na sahihi yako.

Sasa turudi kwa mama yake kijana na hiyo ajali isiyo na kinga. Simbezi hata kidogo, ni neno la kumtuliza mtu moyo. Lakini wewe uliyeko jikoni usilichukue jinsi lilivyo. Mhudumu ameanguka hapo, wewe umenusurika hapo, kijana amevunjika hapo. Watu watatu, siku tofauti, kipande kilekile cha sakafu, na mambo yote yameanza baada ya marumaru mpya. Hiyo bahati mbaya inayojua kuchagua mahali mimi ningeitilia shaka.

Marumaru inayong'aa haina pa kuushika unyayo. Ikiwa kavu unapita salama, ikilowa maji unaanza kuyumba, na mafuta yakichanganyika na maji ndiyo kabisa. Na kwenye karai la samaki si yale matone makubwa tu yanayoanguka. Mvuke wa mafuta nao unatua chini, unajenga utando mwembamba usioonekana, ambao unautambua kwa kidole tu. Maji ya baridi hayauondoi. Dekio lililokuwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi linautandaza sehemu ambazo ulikuwa haujafika. Wengi wakiona hivyo wanamwaga sabuni ya unga kwa wingi, wanasuuza juujuu, na sabuni iliyobaki inageuka utelezi mwingine. Sakafu kama hiyo inataka maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Iachwe dakika chache ifanye kazi, isuguliwe kwa brashi ngumu, isuuzwe, kisha maji yasukumwe kwa mpira wa kukaushia sakafu mpaka kwenye kitundu na pakauke kabla mtu hajapita. Usiku mkifunga mnaweza. Ijumaa saa mbili usiku hamwezi, kwa hiyo saa hizo kinachowasaidia ni kitambaa kikavu kilicho jirani na karai na mtu mmoja aliyeambiwa wazi kwamba kikimwagika kitu, anaacha alichoshika anafuta. Maboksi yatoeni leo, maana yananyonya mafuta na kuwaficha kilicho chini yake.

Kuna mengine ambayo hayahitaji hata senti. Samaki aparuliwe magamba nje au upande wa kitundu cha maji. Kasha la barafu lihamishwe. Sufuria ya supu ya moto isibebwe na mtu mmoja kupita hapo, na ikiwezekana isihamishwe kabisa watu wakiwa wengi. Mwanangu, kuna aliyesema sufuria iko njiani. Iliwekwa njiani na nani, na kwa nini jiko halina pengine pa kuiweka? Sikuulizi ili upate wa kumlaumu. Nakuuliza kwa sababu maelezo ya "alikuwa na haraka" yanaishia kwa kijana, wakati haraka yenyewe ilitoka kwenye oda, kwenye nafasi finyu, na kwenye njia ambayo wanapita waliobeba vya moto na waliobeba vyombo kwa pamoja.

Vya kugharimu navyo vipo: mikeka ya mpira yenye matundu, marumaru za kukwaruza au saruji iliyochorwa kwenye hicho kipande tu, kitundu cha pili cha maji. Na viatu. Ndala ni kosa, hapo mamdogo ana haki. Zinachomoka, haziushiki mguu, na kikimwagika cha moto zinauacha mguu wazi. Lakini usidhani mabuti yoyote yangemwokoa. Buti lililolika soli, au lisilomtosha, linateleza kwenye mafuta karibu sawasawa na ndala. Kinachotakiwa ni kiatu kilichofunika, chenye soli ya mpira yenye meno, cha saizi ya mtu mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. Kubandika katazo ukutani ni hatua ya kwanza, kununua jozi tano zilizopungua ni ya pili, na jikoni kwenu mmeishia ya kwanza.

Nipitie haraka dawa ya meno, maana jikoni kwenu ataungua mwingine. Mtu akiungua, maji safi ya bomba yasiyo ya barafu yapite juu ya kidonda dakika 20, huku mnamvua nguo na vitu vinavyobana kama havijagandia ngozi. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta vinazuia joto kutoka, na hospitalini vinaanza kwa kukwanguliwa.

Sasa hofu ya mamdogo. Umeipokea kama alivyokupa: kesi itamaliza biashara. Nataka tuiangalie polepole, kwa sababu nadhani anaogopa kitu ambacho hajakielewa vizuri, na wewe unaogopa kupitia kwake. Kwa Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mtu akiumia kazini fidia yake inatoka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri anachangia nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi. Kama mishahara yenu yote kwa mwezi ni shilingi milioni 2, mchango ni shilingi 10,000. Bei ya sato mmoja. Mfuko unalipia matibabu, na kwa anayekaa nyumbani kwa muda unampa sehemu kubwa ya kipato chake, asilimia 70. Tena hauhitaji kijana athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Ukishalijua hilo, karatasi ya ndala inaanza kupoteza kazi yake. Inajibu swali la nani mwenye kosa, ambalo si swali la kwanza la Mfuko. Na kijana kukosa mkataba wa maandishi hakumfanyi awe si mfanyakazi, alikuwa anakuja, anaamrishwa, analipwa.

Lakini kuna upande wa pili na sitakuficha. Yote hayo ni mepesi ikiwa mamdogo amejisajili. Kama hajajisajili, hapo ndipo penye maumivu: michango ya nyuma na adhabu juu yake. Huenda ndicho kinachomnyima usingizi, na kesi anayoitaja ni jina tu aliloipa hofu hiyo. Je, amejisajili? Katika barua yako hujagusia, na ningependa ulijue kabla ya kuamua lolote, kwa sababu mazungumzo yatakuwa tofauti kabisa. Kujisajili kwa hiari, hata kwa kuchelewa, kunamweka mahali pazuri kuliko kukutwa.

Tuje kwenye njia ulizonitajia.

Kuandika kama alivyotaka: utalinda nyumba yenu kwa muda, na deni la kiwanja halitatajwa. Utaendelea kumsalimia jirani. Wewe ndiye unayejua kama salamu hiyo utaiweza, mimi siijui.

Kukataa moja kwa moja: mamdogo anaweza kusikia kwamba umemkana mbele ya adui. Kwa mtu aliyekulea, neno "hapana" tupu ni zito, na anaweza kumpata mwingine aandike hivyohivyo.

Katikati hapo ipo njia ambayo hukuitaja. Kuandika, lakini kuandika yote: saa, mvua, ndala, mabuti yalikuwa na nani, sufuria ilikuwa wapi, maji yalikuwa wapi, nani aliwahi kuanguka hapo. Bila kumlaumu kijana wala mwenye mgahawa, ulichokiona tu. Hatari yake ni kwamba humwandikii mamdogo alichokuomba, na atajua. Faida yake ni kwamba maelezo kama hayo hayakugeuki baadaye, akiuliza yeyote. Hata kama hutampa mtu, andika kwenye daftari lako sasa, na picha za sakafu zipige kabla haijaguswa. Miezi ikipita utabaki na ndala iliyoruka chini ya friji, mengine yatakuwa yamefutika.

Kwenda OSHA: ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapohapo Mwanza na ni haki yako. Wakaguzi wana uwezo wa kuagiza marekebisho, na pia wa kuchukua hatua kali pakistahili. Lakini Mwanza ni mji wa watu kujuana, na jikoni mko saba. Siri yako haitachukua muda. Sisemi usiende. Nasema usiende kwa sababu umechoka kunyamaza na hujapata wa kuongea naye. Na ujue kwamba sheria hiyohiyo inataka sehemu yenye wafanyakazi zaidi ya wanne iwe na mwakilishi wa usalama na afya. Ninyi mnaye? Kama hamna, kumchagua mmoja kunaweza kuwa jambo la jikoni zima, na si la mpwa anayemshitaki mama yake mdogo. Wenzako wanaokatiza mazungumzo pengine wanasubiri kujua uko upande gani, na hapo ndipo pa kuanza kuongea nao.

Kuacha kazi: utapumua wiki moja. Sakafu itabaki, na aliyeanguka ulimpeleka wewe.

Sasa naomba nikuulize kitu ambacho kimenisumbua tangu nimalize barua yako. Umeniambia anachosema mamdogo, anachosema mumeo, mama yake kijana, kaka yake wa Dar, hata wenzako waliokaa kimya nimewasikia. Kijana mwenyewe hajasema neno. Anataka nini? Huenda anataka fidia. Huenda anataka posho yake iendelee mpaka hogo lifunguliwe, na uhakika kwamba kazi ipo. Huenda anaona aibu kwa sababu ya ndala na anadhani kweli ni kosa lake peke yake. Usimwendee kama mjumbe wa mgahawa wala usimwahidi kitu. Nenda kama dada uliyempeleka kazini, ukamwone mkono.

Na mamdogo, mimi nisingemwendea na karatasi kabisa. Ningemwendea na mgahawa wa pili. Anajenga jiko jipya, na kama fundi ni yuleyule, marumaru zitakuwa zilezile. Hilo linamgusa mfukoni na unalijua kuliko yeye, kwa sababu wewe ndiye unayesimama juu yake. Muulize anataka kuweka sakafu gani, kitundu cha maji kitakaa wapi, karai wapi na sinki wapi. Akishaanza kukusikiliza kama mpishi, suala la WCF na la kijana linaweza kuingia bila kuwa shutuma. Linaweza pia lisiingie. Mtu aliyeshikwa na hofu wakati mwingine anasikia shutuma hata kwenye habari za marumaru, na ikiwa hivyo, tafuta mkubwa mmoja wa familia anayemheshimu, mjomba au mama mkubwa, akae nanyi. Ila suala la kiwanja usilipeleke kwenye kikao hicho. Jadili na mumeo mapema namna mtakavyolilipa deni hilo hata kidogokidogo, ili siku likitajwa lisikuzibe mdomo.

Msizungumze jikoni, wala usiku mnapofunga na kila mtu amechoka. Kama mgahawa wenu Jumapili unafunguliwa mchana, nenda kwake asubuhi baada ya ibada, na mwezi bado haujaisha.